Singo au dabo? Ulinganisho kwa kijana wa Mwanza anayetaka kuishi kwa mchezo wa vinyoya

Kijana anayecheza vinyoya (badminton) akishaweza kupiga kinyoya kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa nyuma wa upande wa pili, watu humshauri ajikite kwenye singo, mmoja kwa mmoja, badala ya dabo, wawili kwa wawili. Majina yanayojulikana yako huko: Lin Dan, Viktor Axelsen, Carolina Marín, An Se-young. Ushauri si mbaya, ila unaruka maswali matatu ambayo kwa mkazi wa Mwanza ndiyo yanayoamua: anachezea sakafu gani, anafanya mazoezi na nani, na nauli inatoka kwa nani. Kipaji ni swali la nne.

Kwanza picha ya jumla, halafu tuingie ndani.

| | Singo | Dabo na dabo mseto (mwanamume na mwanamke) |
|---|---|---|
| Uwanja | upana mita 5.18, urefu mita 13.40 | upana mita 6.10, urefu ule ule. Sevu (pigo la kuanzisha) haipiti mstari ulio sentimita 76 ndani ya mstari wa nyuma |
| Watu wa mazoezi | wawili, vizuri zaidi watatu | wanne, wakipungua sana watatu |
| Kinachoumia zaidi | goti, kano ya kisigino, misuli ya paja | bega, kiwiko, na jicho |
| Pointi za dunia | zako peke yako | za jozi |
| Safarini | chumba unalipa mwenyewe | chumba mnagawana |

Ukumbi: paa, sakafu na upepo wa ziwa

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Singo ni mchezo wa juu na wa nyuma. Mchezaji anamsukuma mwenzake hadi kona za mwisho kwa mipira mirefu (mpira hapa ni pigo la kinyoya), halafu anamrudisha mbele kwa dropu, pigo la taratibu linaloanguka karibu na wavu. Mpira mrefu wa kujiokoa unahitaji hewa ya kutosha juu. Mashindano makubwa ya dunia hudai paa lisiloziba chochote hadi mita 12. Kumbi nyingi za shule na za jumuiya mjini kwetu ni fupi kuliko hapo, na zina vyuma vinavyokatiza katikati. Mtoto anayekulia chini ya paa la mita 6 hujifunza bila kujua kupiga mpira mrefu wa chini-chini, ambao mpinzani mrefu huukata katikati ya uwanja. Akifika ukumbi wa kawaida Kampala au Nairobi, kosa hilo linamtoa raundi ya kwanza. Dabo haiathiriki hivyo, kwa sababu mipira mingi hupita usawa wa kifua hadi kichwa na wanaocheza wanajitahidi kutoinua kabisa.

Upepo nao una upande wake. Mchana, kuanzia mnamo saa nane, hewa hutoka ziwani kuja nchi kavu, na ukumbi wenye madirisha ya matofali ya matundu huupitisha wote. Upande mmoja mpira mrefu unatoka nje kwa nusu mita. Upande wa pili, kwa nguvu zile zile, unaanguka mbele ya mstari wa nyuma na kupigwa smeshi, pigo kali la kushuka. Singo inaadhibiwa zaidi kwa sababu kinyoya kinakaa hewani muda mrefu. Kwa hiyo anayechagua singo apange mazoezi alfajiri au baada ya saa moja usiku, na siku ya mechi ya mchana ajue la kufanya na sarafu: ukishinda kura, chagua upande mgumu kwanza. Seti ya tatu mnabadilishana pande mmoja anapofika pointi 11, hivyo atakayeanza upande mgumu atamalizia upande rahisi.

Jambo dogo ambalo huwa halitajwi: mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Kati ya saa nne na saa saba jua linapiga juu yake moja kwa moja na kinyoya cheupe kinapotea. Mchezaji wa singo anatazama juu mara nyingi kuliko wa dabo.

Sakafu ndiyo ghali kuliko yote, maana bili yake inalipwa na mwili. Mbao yenye nafasi chini yake hunyonya mshindo, saruji haitoi hata kidogo. Mchezaji wa singo hupiga hatua ndefu ya kuchumpa mbele mamia ya mara kwa siku. Juu ya saruji, maumivu ya mbele ya mfupa wa muundi huanza ndani ya wiki chache, yakifuatiwa na goti. Zulia la PVC la viwanjani husaidia kushika mguu, lakini likitandikwa juu ya saruji tupu halibadilishi mshindo kwa kiasi cha maana. Kama sakafu pekee uliyonayo ni saruji, weka mazoezi ya singo siku tatu kwa wiki, siku nyingine fanya kazi ya mkono: sevu, neti, mipira ya kasi ya kifuani. Hayo yote ni ya dabo. Sakafu yako inaweza kuwa imeshakuchagulia.

Vinyoya

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga, na kinyoya kinakwenda mbali zaidi. Makopo ya vinyoya vya manyoya huandikwa kasi: 77 ni ya kawaida kwa usawa wa bahari, namba ikishuka kinyoya ni cha polepole. Mwanza nunua 75. Ukikosa kabisa chukua 76. Kwa vinyoya vya plastiki, chagua chenye utepe wa kijani, maana bluu ni kasi ya kati na chekundu ni cha baridi.

Usiamini kopo, pima. Simama juu ya mstari wa nyuma, piga kutoka chini kwa nguvu zote, kinyoya kiende juu na sambamba na mstari wa pembeni. Kinatakiwa kianguke kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikivuka hapo ni cha kasi mno. Mchezaji wa singo anayefanya mazoezi na kinyoya cha kasi anajenga mkono mvivu: mpira unafika nyuma bila jitihada, halafu akienda Dar es Salaam unaishia katikati.

Gharama sasa. Saa moja na nusu ya singo yenye ushindani kati ya wawili wanaolingana hula vinyoya vinne hadi sita vya manyoya. Dabo kwa muda huo huo hula sita hadi tisa, kwa sababu smeshi na mipira ya kifuani huvunja manyoya haraka. Gawanya kwa watu: singo ni viwili hadi vitatu kwa kichwa, dabo ni kimoja na nusu hadi viwili na robo. Tofauti ipo, ila si kubwa kama inavyosemwa vilabuni. Kinachomaliza fedha ni mazoezi ya kulishwa vinyoya mfululizo, na kwa hayo tumia vilivyokwisha kuchakaa.

Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, manyoya hukauka na kuvunjika mapema. Usiku wa kuamkia mazoezi, fungua kopo upande wa manyoya, lipitishe juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache, lifunike, liache hadi asubuhi. Ukizidisha, gundi inalegea na kinyoya kinakuwa kizito, na kinyoya kizito kinakimbia.

Watu wa kufanya nao mazoezi

Singo ina heri moja: watu watatu wanatosha kutengeneza mchezaji. Wawili upande mmoja, yeye peke yake upande wa pili, dakika kumi bila kupumzika, kinyoya kinarudi daima kwa sababu wale wawili hawakimbii. Akiwa peke yake bado ana kazi: hatua za kona sita bila kinyoya (kutoka katikati kwenda pembe nne na pande mbili, kila mara ukirudi), sekunde 30 kazi na 30 kupumzika, mara 12. Kinachoharibika kwenye zoezi hilo ni kurudi katikati ukitembea. Kila kona imalizike kwa kimruko kidogo cha miguu miwili katikati, la sivyo unajizoeza kuchelewa.

Dabo inataka wanne wa kiwango kinachokaribiana, na wawili kati yao wawe jozi yako na wewe. Hapo Mwanza huwa panabana. Wachezaji wanahama kwenda chuo Dodoma au Dar, wanapata kazi, wanaolewa, na jozi iliyojengwa kwa miaka miwili inavunjika kwa barua moja ya kuitwa chuo. Ndiyo maana jozi za ndugu hudumu. Koceila na Tanina Mammeri, kaka na dada kutoka Algeria, walicheza dabo mseto kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Kama nyumbani kwenu Ilemela au Nyegezi kuna ndugu wawili, wa kiume na wa kike, wanaopishana miaka miwili au mitatu na wote wanashika raketi, msiwatenganishe.

Mwili na umri

Urefu unasaidia singo lakini hauamui. Axelsen, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo na ya Paris, ana mita 1.94, Kento Momota, aliyetwaa mataji 11 mwaka 2019, ana mita 1.75 tu. Kinachohitajika zaidi ni mwili unaovumilia kurudia. Na singo huwahi kuanza na huwahi kudai. Ratchanok Intanon wa Thailand alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2013 akiwa na miaka 18. Kwa upande wa pili, Hendra Setiawan wa Indonesia alitwaa ubingwa wa dunia wa dabo mwaka 2019 siku alipotimiza miaka 35. Kijana wa miaka 19 anayeanza kufanya mazoezi ya maana leo amechelewa singo ya kimataifa. Dabo bado ina nafasi yake.

Majeraha: goti la singo huumia sana mtu anapotua kwa mguu mmoja, ule ulio kinyume na mkono wa raketi, baada ya kupiga mpira wa juu upande wa bekihendi, mwili ukiwa bado unazunguka. Marín alipata majeraha makubwa ya goti mwaka 2019, 2021 na 2024, la mwisho akiwa anaongoza nusu fainali ya Olimpiki. Fundisha kutua kabla ya kufundisha kuruka. Kwenye hatua ndefu ya mbele, kisigino kitangulie, vidole vielekee anakokwenda, na goti lifuate vidole. Mguu ukigeukia ndani, goti linajisokota.

Dabo ina hatari ambayo wazazi hawaitarajii, nayo ni jicho. Aliye mbele akigeuka kumtazama mwenzake anayepiga smeshi nyuma yake, kinyoya kinaweza kumpata usoni kutoka mita tatu. Kanuni ya kwanza ya dabo, kabla hata ya sevu: mbele hakugeuki mtu. Miwani ya michezo kwa watoto ni akili, si uoga.

Kwa wasichana kuna tahadhari moja. Usemi kwamba dabo ni ya mbio fupi haushiki kwa dabo ya wanawake, ambako pointi moja inaweza kuwa ndefu kuliko pointi yoyote ya singo. Msichana anayekimbilia dabo kwa sababu pumzi yake ni fupi atajuta.

Raketi

Hapa tusikae sana. Gramu 80 hadi 89 zinafaa michezo yote miwili (alama za 4U na 3U kwenye mpini). Singo: uzito uliosawazika, au kichwa kizito kidogo. Dabo, hasa mtu wa mbele: kichwa chepesi kinachogeuka haraka. Uzi uliokazwa kwa ratili (pauni) 22 hadi 24 unamtosha chipukizi. Ratili 28 za mabingwa zitampa mkono unaouma na mipira mifupi. Uzi ukikatika katikati ya mechi, chukua mkasi ukate wote hapo hapo, kuanzia katikati kwenda nje, wima na mlalo kwa zamu. Fremu iliyoachwa na uzi upande mmoja inajipinda ndani ya saa chache, na fremu iliyopinda Mwanza haina fundi.

Pointi, pesa na safari

Orodha ya dunia ya BWF, shirikisho la vinyoya duniani, huhesabu mashindano yako 10 bora ndani ya wiki 52. Bingwa wa daraja la Future Series anapata pointi 1,700, wa International Series 2,500, wa International Challenge 4,000. Juu yake iko World Tour, msururu wa mashindano makubwa, kuanzia Super 100 yenye pointi 5,500 hadi Super 1000 yenye 12,000. Mashindano ya Afrika mengi yako kwenye madaraja matatu ya chini, na ndiyo ngazi halisi ya mtu wa kwetu.

Tofauti kubwa ni hii: kwenye singo pointi zinakufuata hata ukiumwa, ukihama mji, ukibadilisha kocha. Kwenye dabo ni mali ya jozi. Ukiachana na mwenzako, jozi mpya inaanza chini kwenye orodha. Lakini makundi ya dabo kwenye mashindano ya Afrika huwa na washiriki wachache kuliko singo, kwa hiyo ushindi mmoja unaweza kukufikisha robo fainali, ambayo hata kwenye Future Series ni pointi 920. Kwenye singo, robo fainali hiyo hiyo huenda ikataka ushindi wa mechi mbili au tatu, ukianza na za kufuzu.

Pesa za juu zimegawanywa hivi: mashindano ya All England ya Uingereza ya 2024 yalikuwa na zawadi ya jumla ya dola 1,300,000. Bingwa wa singo alipata dola 91,000. Jozi bingwa ilipata 96,200, yaani 48,100 kwa kila mmoja. Kwa kichwa, singo inalipa karibu mara mbili. Ila fedha hizo zinawahusu wachache sana duniani. Kwenye madaraja ya chini zawadi hairudishi hata nauli, iwe singo au dabo. Wachezaji wengi wa kati huishi kwa mishahara ya ligi za klabu za Ulaya, kama Bundesliga ya Ujerumani, ambako mechi moja ya timu ina singo na dabo ndani yake. Klabu hupenda mtu anayeweza kutumika mara mbili siku moja, na huyo mara nyingi ni mchezaji wa dabo anayeingia pia dabo mseto.

Olimpiki nayo imefunguka pande zote kwa Afrika. Edwin Ekiring wa Uganda alicheza singo Beijing 2008 na London 2012. Anuoluwapo Juwon Opeyori wa Nigeria alikwenda Tokyo kwa dabo ya wanaume pamoja na Godwin Olofua, halafu Paris 2024 akaenda kwa singo. Mtu huyo huyo, milango miwili.

Safari ya kwanza ya nje kwa mtu wa Mwanza ni Kampala: kwa barabara kupitia daraja la Kigongo–Busisi, Geita, Bukoba hadi mpaka wa Mutukula, au kwa meli ya usiku hadi Bukoba halafu basi. Ya pili ni Nairobi kupitia Musoma na Sirari. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano pamoja na pasipoti. Raketi zisikae kwenye buti la basi lenye joto, uzi unalegea. Jina lako haliingizwi na wewe wala kocha wako. Linawasilishwa na chama cha taifa, na tarehe ya mwisho huwa wiki kadhaa kabla. Wengi wa mikoani hukwama hapo: wana nauli, hawana jina kwenye orodha. Ukijitoa kwa kuchelewa kuna faini.

Jipime kabla ya kuamua

Fanya haya kwa siku mbili tofauti, ukumbi ule ule, kinyoya kilichopimwa.

Piga mipira mirefu 20 kutoka mstari wa nyuma. Hesabu iliyoanguka ndani ya sentimita 76 za mwisho. Chini ya 12, singo bado.

Fanya hatua za kona sita, mizunguko 12. Linganisha idadi ya kona za mzunguko wa kwanza na wa 12. Ikipungua kwa zaidi ya theluthi moja, pumzi ndiyo kazi ya miezi mitatu ijayo.

Piga sevu fupi 20, mtu amesimama kwenye neti na kiganja juu ya wavu. Zilizopita chini ya kiganja na kuvuka mstari wa mbele ni ngapi? Kuanzia 15, una mkono wa dabo. Kumbuka sheria: kinyoya kipigwe kikiwa chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni, kwa hiyo weka alama ukutani ujizoeze nayo.

Uamuzi wetu

Hadi miaka 16 cheza yote, ukitanguliza singo, kwa sababu miguu ya singo inahamia dabo kwa urahisi na kinyume chake ni vigumu. Kuanzia hapo: una paa refu, sakafu isiyo saruji tupu na mwenzako mmoja wa kukukimbiza, endelea na singo na uongeze dabo mseto kwenye kila mashindano, maana nauli ni ile ile na nafasi zinakuwa mbili. Una ndugu au rafiki mwenye uhakika wa kubaki Mwanza miaka minne, chagua dabo bila kuona haya. Huna hata kimoja kati ya hivyo, usitumie fedha ya familia kwenye safari mwaka huu. Nunua vinyoya vya 75, tafuta wachezaji watatu wa kudumu, na peleka jina lako kwenye chama cha mkoa mapema ili msimu ujao usikwame kwenye orodha.